Daftari Lenye Madoa ya Oili

Gari lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, na mwenyewe alikuwa ameshalichoka. Mwezi mzima taa ya injini ilikuwa ikiwaka kwenye dashibodi. Kwenye gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kupimia, ikatoa msimbo P0171, wakamwambia sensa ya oksijeni imekufa. Akanunua sensa, ikafungwa, taa ikazimika. Siku ya tatu ikarudi. Ndipo akalileta Tabata, Dar es Salaam, kwa fundi jirani yangu, nami nilikuwepo, maana Jumamosi asubuhi huwa napita pale kunywa kahawa.

Fundi naye alichomeka kidude chake chini ya usukani, akasoma kwenye simu: P0171, ileile. Lakini hakutaja kifaa cha kununua. Alimgeukia kijana anayemfundisha kazi.

"Msimbo unasema mafuta ni machache kuliko hewa. Sasa niambie: mafuta yamepungua, au hewa imezidi?"

"Sijui, fundi."

"Vizuri. Hata mimi bado sijui. Tuanzie hapo."

Wakapima presha ya mafuta, ikawa sawa. Fundi akampungia mkono muuza duka wa jirani apunguze redio, akainamia injini, akasikiliza. Kulikuwa na mluzi mwembamba, kama wa mtu anayepulizia katikati ya meno. Akapitisha kidole chini ya mpira wa hewa unaoingia kwenye manifodi, upande ambao ukitazama kwa juu huuoni. Alipoziba, mluzi ukakoma na mngurumo wa injini ukabadilika. Mpira ulikuwa na ufa wa urefu wa kucha. Bei yake haikufika bei ya sahani mbili za wali.

Akamweleza kijana, na mimi nikasikiliza. Kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia kwa kupitia mlango mmoja, kisha hutoa mafuta kwa kadiri ya hewa iliyoihesabu. Hewa iliyopenya kwenye ufa haikupita mlangoni, kwa hiyo haikuhesabiwa wala haikupewa mafuta yake. Sensa ya oksijeni, iliyoko kwenye ekzosi, ikaona oksijeni imezidi, ikatoa taarifa. Ilikuwa inasema kweli. Ndiyo iliyong'olewa.

Nimelisimulia tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka kukwambia, ndugu msomaji, kuhusu kujifunza ukubwani. Mafundi wa gereji zote mbili walikuwa na mashine, simu, na msimbo uleule. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na taarifa, na mwingine alikuwa na maarifa. Taarifa siku hizi hazina bei kubwa. Zinapatikana kwa bando la siku. Kujua taarifa hiyo inatokana na nini, na ufanye nini nayo, ndiko watu wanakokulipia.

Tunasikia sana neno "uchumi wa maarifa" kwenye semina na hotuba. Si neno jipya. Mwandishi Peter Drucker alilieneza katika kitabu chake cha mwaka 1969, akimaanisha uchumi ambao mali yake kubwa ni kile watu wanachokijua, kuliko ardhi au mashine. Wengi wetu tunapolisikia tunawaza maghorofa ya vioo na vijana wenye kompyuta mpakato. Mimi nawaza wakala wa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo kazi hiyo haikuwepo, hakuna shule iliyoifundisha, na hakuna mwalimu aliyeijua. Nawaza pia mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeletewa mashine za kutolea risiti, EFD, kuanzia mwaka 2010, akiwa na miaka ishirini ya kuandika risiti kwa mkono. Uchumi huo umeshaingia dukani, shambani na gerejini, na umeingia bila kupiga hodi.

Fundi wangu aliishia darasa la saba. Kazi alijifunza kwa kushika tochi na kukabidhi spana, kwenye magari ya kabureta, ambayo ukifungua kifuniko unaona kila kitu kwa macho. Magari ya kompyuta yalipoanza kujaa barabarani, wenzake kadhaa waliamua kubaki na yale wanayoyajua. Wateja wao wakapungua mwaka hadi mwaka. Yeye alinunua daftari la kurasa mia. Juu ya kila ukurasa aliandika swali moja lililomshinda siku hiyo, akaacha nafasi chini. Halikuwa somo wala mada, lilikuwa swali. "Kwa nini gari hili linazima likipata joto tu?" "Sensa hii inapima nini hasa?" Ukurasa ungekaa wazi siku mbili, au miezi miwili, mpaka apate jibu kwa mtu, kwenye kitabu, kwenye video, au kwenye gari jingine lenye ugonjwa uleule. Daftari hilo sasa lina madoa ya oili hadi pembeni, na lina ndugu zake wanne.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio nitakaoukazania kuliko mingine, ni huo: anza na swali ambalo kazi yako inakuuliza. Nimefundisha watu wazima madarasa ya jioni kwa miaka mingi, na nimeona jinsi wanavyoondoka. Huja na hamu, wakasema wanataka "kujifunza kompyuta" au "kujifunza Kiingereza". Ukiuliza ya nini, wanajibu kwamba siku hizi ni muhimu. Hao, wengi wao, wiki ya sita hawapo. Anayebaki ni yule aliyekuja kwa sababu jana usiku alishindwa kumjibu mteja kwa barua pepe, akapoteza oda.

Nakumbuka mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuja kwenye darasa la hesabu. Shuleni hesabu zilimshinda, na aliliona darasa langu kama adhabu. Ila alikuwa na tatizo: kila akikata sketi ya duara zima, kiuno kilimkataa. Mara kikubwa, mara kidogo, na kitambaa cha mteja kinaharibika. Alikuwa akikisia. Tulitandaza gazeti sakafuni. Nikamwambia kiuno ni mzunguko wa duara, na mzunguko ukigawanywa kwa 6.28 unapata umbali kutoka katikati hadi ukingoni. Kiuno cha inchi 30 kinatoa kama inchi 4 na robo tatu. Akafunga kipande cha chaki kwenye uzi wa urefu huo, akazungusha, akakata gazeti, akalivaa. Likakaa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kwa hiyo hii ndiyo ile pai?" Ile pai aliyopigiwa fimbo miaka 25 iliyopita. Kuanzia siku hiyo hakukosa kipindi, na hakuna aliyemlazimisha.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta kozi. Anza kwa wiki mbili za kuandika. Kila jioni, kabla hujalala, andika jambo moja lililokukwamisha kazini: fomu uliyoshindwa kuijaza, neno ulilojifanya umelielewa, hesabu uliyomwachia mtoto akufanyie. Baada ya wiki mbili utaona maswali matatu au manne yanajirudia. Hayo ndiyo mtaala wako.

Najua kuna msemo utakuzuia: samaki mkunje angali mbichi. Msemo huu una haki yake katika malezi, lakini tumeutumia vibaya kwa watu wazima. Tumeufanya kifungo. Mtu wa miaka 40 anauogopa mlango wa darasa kwa sababu anajiona amekauka. Nimewafundisha vijana na nimewafundisha wazee, na nasema kwa uhakika: kijana anakariri upesi, lakini mtu mzima ana mahali pa kuliweka jambo jipya. Yule mama alikuwa na viuno mia tatu kichwani kabla ya kuijua kanuni. Kanuni ilipofika, ilikuta nyumba tayari. Na Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure. Alitaka, pamoja na mengine, kuisoma Biblia mwenyewe. Huyo naye alikuwa na swali lake.

Sisi Watanzania, kwa kweli, tuna urithi katika jambo hili, na tumeusahau haraka mno. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe, misikitini, makanisani na viwandani. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu, watu wakajadili, na kisha wakaamua kesho wafanye nini: wachimbe vyoo, wafukie madimbwi ya mbu, wafyeke nyasi karibu na nyumba. Usiku umesikia, asubuhi una jembe mkononi. Waliobuni mpango ule walielewa kwamba somo lisilofika mikononi haliishi. Leo tuna simu zinazoshinda redio zile kwa kila kitu, lakini tunasikiliza peke yetu, tukiwa tumelala, na kesho hatushiki jembe lolote.

Nirudi kwenye namna ya kujifunza, maana hapa ndipo watu wazima wengi wanapoteza muda wao mdogo. Tulilelewa kusoma kwa kurudiarudia: unasoma ukurasa, unasoma tena, unapigia mstari kwa kalamu nyekundu, unajisikia umeelewa. Kujisikia huko kunadanganya. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na akaona kwamba sehemu kubwa ya alichokariri ilimtoka ndani ya siku ya kwanza. Na mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena na tena. Jingine likakisoma, likakifunika, likaandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, kwa tofauti kubwa.

Maana yake kwako ni hii. Ukisoma ukurasa au ukitazama video ya dakika kumi, funga. Chukua daftari, andika kwa maneno yako ulichokielewa, bila kuchungulia. Itauma. Utagundua umebaki na nusu, na nusu yenyewe ina matobo. Sasa rudi ukazibe matobo tu. Kesho, kabla hujaanza jipya, jiulize tena la jana. Wiki ijayo, tena. Dakika 30 za namna hii zinazidi saa tatu za kutazama video moja baada ya nyingine mpaka usingizi.

Na hizo dakika 30 zitoke wapi? Swali hili hunisumbua kuliko yote, kwa sababu wanaouliza mara nyingi ni wanawake, na hawasingizii. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapika, anaandaa watoto, anafanya kazi, anarudi, anapika tena. Kumwambia "panga muda wako" ni kumtukana. Yule mama wa cherehani alipata njia yake. Alisoma maelezo kwa sauti akajirekodi kwenye simu, kisha akajisikiliza akiwa anapiga pasi nguo za wateja. Aliacha ukimya baada ya kila swali, apate nafasi ya kujibu mwenyewe kabla sauti yake haijamjibu. Majirani walidhani anaongea na simu. Kuna wengine wanatumia safari ya daladala, wengine baada ya sala ya alfajiri. Ninachokisisitiza ni kwamba muda uwe uleule kila siku, hata ukiwa mdogo, na uunganishwe na jambo ambalo tayari unalifanya. Na kama wewe ni mume unayesoma haya, chota maji, ogesha watoto, mwachie mkeo nusu saa. Hiyo ni ada, umeilipa kwa mikono.

Usijifunze peke yako ukiweza kuepuka. Fundi wangu na wenzake watatu wa gereji za jirani hukutana Jumapili mchana. Kila mmoja huleta gari moja lililomtesa wiki hiyo, siyo gari lenyewe bali habari zake: lilikujaje, alifikiri nini, alikosea wapi. Kukosea kwenyewe ndiko kunakosimuliwa kwa kirefu. Mwanzoni walifichana, maana kila mmoja alihofia kuibiwa wateja. Kilichowafungua ni mmoja wao kukiri kwamba aliunguza kompyuta ya gari kwa kuchomelea bila kufungua betri, akalipa kwa akiba ya ada ya mtoto. Wengine watatu hawatalirudia kosa hilo maisha yao yote, na hawakulipa chochote. Tafuta wako watatu. Wakiwa wa kazi yako ni vizuri. Na kijiwe mnacho tayari, ni kubadilisha maongezi saa moja kwa wiki.

Kuna kizingiti cha lugha, na sitakipitia juujuu. Nchini kwetu mtoto wa shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari anakutana na kila somo kwa Kiingereza. Wengi waliishia hapo wakaamini kwamba hawana akili, kumbe walikosa lugha tu. Ukubwani woga huo unarudi: mwongozo wa mashine ni wa Kiingereza, mkataba ni wa Kiingereza, video nzuri ni ya Kiingereza. Nakushauri usijifunze Kiingereza chote. Jifunze Kiingereza cha kazi yako. Fundi magari anahitaji kama maneno 200 ili asome mwongozo wa ufundi. Muuguzi ana yake, mpishi wa hoteli ana yake. Tenga kurasa za nyuma za daftari lako: neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi ulimolikuta. Maneno matano kwa siku, siku 40. Na ukiweza kulieleza jambo kwa Kiswahili safi, kwa mtu asiye wa kazi yako, na akaelewa, basi umelielewa. Lugha ya kwanza ya akili yako ndiyo mizani.

Nani akufundishe? Vitu vya bure ni vingi kuliko tunavyovitumia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule, na mtu mzima anayetaka kuziba pengo la hesabu au fizikia hana haja ya kuona haya kufungua kitabu cha kidato cha pili. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina meza, mwanga na utulivu, na mikoani zipo maktaba za mikoa. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilianza kuweka maelezo ya masomo yake hadharani kwenye mtandao mwanzoni mwa miaka ya 2000, bure kabisa.

Halafu kuna programu za akili mnemba, ambazo unaziandikia swali kwa Kiswahili nazo zinajibu. Nazitumia, na nawaruhusu wanafunzi wangu wazitumie, kwa sharti moja: iombe ikueleze, kisha ikuulize wewe. Iambie, "Nieleze kwa nini hewa ikizidi injini hutetemeka, halafu niulize maswali matatu." Ukiiomba ikufanyie kazi, jioni utakuwa na kazi iliyofanyika na wewe ukiwa palepale ulipokuwa asubuhi. Na kumbuka inaweza kukosea kwa sauti ya kujiamini kabisa. Fundi wangu aliwahi kuelekezwa eneo la sensa ambayo kwenye gari lile haipo. Alijua, kwa sababu gari lilikuwa mbele yake. Mtu asiye na gari mbele yake, au asiye na msingi, atabeba uongo huo hadi kwa mteja.

Sasa vyeti. Hapa nina kidonda. Miaka mingi iliyopita nililipa ada ya miezi mitatu kwenye chuo kimoja cha kompyuta. Tulikuwa watu 30 na kompyuta sita, nne mbovu. Mwalimu aliandika ubaoni sehemu za kompyuta, tukanakili. Mwisho nikapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu na ufaulu wa juu, na nilipoajiriwa sikuweza kuhifadhi barua niliyoiandika. Fedha ile ilikuwa ya kuuza mbuzi wa mama yangu. Tangu hapo nina maswali manne ambayo namtaka kila mtu aulize kabla ya kutoa shilingi. Nikimaliza nitaweza kufanya nini ambacho leo siwezi? Kati ya saa zote za kozi, mikono yangu itashika chombo saa ngapi? Naweza kuzungumza na watu wawili waliomaliza mwaka jana? Na chuo kimesajiliwa na mamlaka husika: NACTVET kwa vyuo vya kati na vya ufundi, TCU kwa vyuo vikuu? Anayekasirika ukimuuliza hayo amekwisha kujibu. Na tangazo linalokuahidi utajiri kwa siku saba, lipite kama unavyopita shimo la choo usiku.

Lakini sitaki umdharau mwenye cheti, wala cheti chenyewe. Karatasi inafungua milango ambayo ujuzi peke yake unabaki kuigonga. Aliyekosa sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, QT, wa Baraza la Mitihani, na akifaulu anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, inaandaa wanafunzi wa njia hiyo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 wasichana walioacha shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Ukimjua mmoja ambaye hajaambiwa, mwambie leo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na kinamfaa mtu asiyeweza kuacha kazi.

Na ipo njia moja inayonigusa zaidi, kwa sababu inawaheshimu watu kama jirani yangu: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia mtaani, awe seremala, mwashi, mpishi au fundi magari, huhojiwa na kupimwa kwa vitendo, na akionekana anaweza, hupewa cheti bila kukalishwa darasani kuanza upya. Akionekana ana pengo, huelezwa pengo liko wapi. Jirani yangu alikwenda. Aliogopa sehemu ya mahojiano kuliko ya vitendo, usiku ule hakulala. Alirudi akaniambia kwamba aliulizwa aeleze anavyotafuta chanzo cha injini kutetemeka, akaeleza habari ya mpira wenye ufa. Cheti amekitundika juu ya benchi ya kazi, ndani ya nailoni kisishike mafuta.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alimletea gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Alifungua boneti, akaziona nyaya nene za rangi ya chungwa, akafunga. Rangi hiyo huwekwa kwenye nyaya za umeme mkubwa, wa kuua mtu. Akamwambia, "Mama, hili bado silijui. Nakupeleka kwa mwenzangu anayelijua, ila nitamwomba anisimamishe pembeni nitazame." Kijana wake alishangaa, alidhani mteja ataondoka asirudi. Mama akampa funguo, wakaongozana.

Jumamosi nilipopita kunywa kahawa, daftari la tano lilikuwa wazi juu ya benchi. Juu ya ukurasa ameandika: "Nyaya za chungwa: ukishachomoa plagi ya usalama, kwa nini usubiri dakika kumi ndipo uguse?" Chini yake palikuwa bado peupe, na kijana alikuwa ameinama na kalamu, anajaribu kujibu.